MUNGU HASAHAU: MIZANI YA NABII AMOSI NA IMANI YETU YA KILA SIKU

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo katika semina ya Haki na Amani)





1. Kosa lililotufumbua macho

Tunaomba tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Tulipokutana kuiandaa semina hii, sisi wanatume tulikuwa na mambo mawili mezani: chakula cha washiriki, na Neno la Mungu la kutafakari. Tukaanza na chakula. Mwenzetu tuliyemtuma kununua mahindi alirudi akiwa na furaha. Alikuwa amepata magunia matatu ya lumbesa, yaliyojazwa na kushindiliwa, kisha yakaongezwa kilemba juu na kufumwa kwa kamba, na yote kwa bei ile ile ya gunia la kawaida. Tulimpongeza. Mweka hazina wetu aliandika katika daftari kiasi cha fedha tulichookoa.

Kisha tukafungua Biblia, Kitabu cha Nabii Amosi, sura ya 8, aya ya 4 hadi ya 7. Msomaji alipomaliza, kimya kikatanda. Chakula cha semina ya haki kilikuwa kimenunuliwa kwa kipimo cha dhuluma, nasi tulikuwa tumekwisha kumshukuru Mungu kwa neema hiyo!

Ndipo tulipoamua kwamba mada ya leo itokane na unabii huo, kwa kuwa ulitukuta sisi kwanza. Hatusimami mbele yenu kama watu wasio na doa wanaowaonya wenye madoa. Tumesimama kama wenzenu waliopimwa na Neno hilo na kuonekana wamepungua.

2. Nabii na zama zake

Amosi hakuwa kuhani, wala hakutoka katika ukoo wa manabii. Mwenyewe anasema hivyo katika sura ya 7. Alikuwa mfugaji kutoka Tekoa, kijiji cha kusini mwa Bethlehemu katika ufalme wa Yuda, tena mtunza mikuyu. Alikuwa mlei, kwa lugha yetu ya leo. Mungu alimtoa nyuma ya kundi, akamtuma kwenda ng'ambo ya mpaka, katika ufalme wa kaskazini ulioitwa Israeli.

Hayo yalitokea katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo, Yeroboamu wa Pili akitawala Israeli na Uzia akitawala Yuda, miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi ambalo watu hawakulisahau kwa vizazi vingi. Kwa macho ya watu, zama hizo zilikuwa njema. Mipaka ya nchi ilikuwa imerudishwa kwa vita, na biashara ilistawi. Wenye uwezo walikuwa na nyumba za masika na nyumba za kiangazi, wakalala juu ya vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu. Wataalamu waliochimba magofu ya Samaria katika karne ya 20 walikuta vipande vingi vya pembe za ndovu zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Nabii hakutia chumvi.

Nyumba za ibada nazo zilikuwa zimejaa. Huko Betheli, patakatifu pa mfalme, sadaka zilitolewa, sikukuu zilishikwa, nyimbo zilisikika na vinanda vilipigwa. Mgeni kama angepita huko Betheli, angesema kwamba hilo ni taifa la wacha Mungu. Amosi alipita, akaona jambo jingine. Alitazama langoni, mahali wazee walipoketi kuamua mashauri, akaona rushwa ikimnyima maskini haki yake. Alitazama penye madhabahu, akaona watu wamejinyosha juu ya nguo walizochukua rehani kwa maskini, ingawa Sheria ya Musa iliagiza nguo ya maskini irudishwe kabla ya jua kutua. Na alitazama sokoni.

3. Hila nne za sokoni

Tuliangalie soko hilo kwa makini, kwa maana Amosi analieleza kama mtu aliyewahi kuuza na kunyonywa humo. Katika sura ya 8 anataja hila nne.

Hila ya kwanza ni kuipunguza efa. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, chombo kinachokaribiana na debe letu. Mfanyabiashara alitengeneza efa ndogo, ili mnunuzi aondoke na nafaka pungufu.

Hila ya pili ni kuiongeza shekeli. Siku zile sarafu zilikuwa hazijaanza kutumika katika nchi ile. Fedha ilipimwa kwa uzito, na jiwe la shekeli moja lilikuwa na uzito wa yapata gramu 11. Mwenye duka aliweka jiwe zito kuliko lililo halali, na maskini akalazimika kuongeza fedha mpaka mizani isimame sawa. Basi mtu yule yule aliibiwa mara mbili katika ununuzi mmoja: mara moja katika nafaka aliyoipokea, na mara nyingine katika fedha aliyoitoa.

Hila ya tatu ni kuichezea mizani yenyewe. Na hila ya nne ni kuuza makapi na takataka za ngano kana kwamba ni ngano safi. Matokeo yake, maskini alizama katika deni, hata akauzwa mwenyewe kwa fedha kidogo, kwa thamani ya jozi ya viatu.

Je, ndugu wapendwa, hila hizi ni ngeni kwetu? Sisi hatuna efa, lakini tunacho kisado kilichobonyezwa kitako ili kibebe pungufu. Hatuna jiwe la shekeli, lakini tunayo lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania imeweka kilo 100 kuwa kikomo cha uzito wa gunia la mazao, na tangu mwaka 2002 upo Wakala wa Vipimo wa kusimamia jambo hilo. Hata hivyo, mkulima anayehitaji fedha za ada au za matibabu husimama kando ya barabara na kukubali gunia lake livishwe kilemba, kwa sababu akikataa, gari litampita na kununua kwa jirani. Huko Mtwara na Lindi, wakulima wa korosho wanaijua kangomba: mnunuzi anakuja nje ya utaratibu, mara nyingi wakati wa njaa, na kuchukua korosho kwa bei ya chini na kwa kipimo anachokitaka yeye. Makapi nayo tunayo: mchele unaochanganywa na chenga, mchanga katika maharage, maji katika maziwa, pumba katika unga.

Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumeishika nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuiacha ya pili.

4. Ibada isiyofika sokoni

Jambo linalotisha zaidi katika unabii huu limo katika aya ya 5. Wafanyabiashara wale hawakuwa watoro wa ibada. Waliishika Sabato, wala hawakuuza siku ya mwezi mwandamo. Lakini walipokuwa mbele ya Mungu, mioyo yao ilikuwa ikiuliza: hii Sabato itakwisha lini, tufungue maghala? Miili yao ilisali huku mawazo yao yakihesabu.

Kwa hiyo katika sura ya 5 Mungu anatamka kwamba anazichukia sikukuu zao, hazipokei sadaka zao, na nyimbo zao kwake ni kelele. Anachotaka ni haki itiririke kama maji, na uadilifu uwe kama mto usiokauka. Martin Luther King aliyakumbusha maneno hayo mbele ya umati mkubwa mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963, alipodai haki za Wamarekani Weusi, na dunia nzima ikayasikia.

Sisi tunaoishi katika nchi zenye makorongo tunaweza kuufahamu mfano huo kuliko wengi. Palestina nayo ina mito ya msimu. Mvua ikinyesha, korongo linavuma kwa maji ya kutisha, na baada ya wiki chache unavuka miguu mikavu. Imani ya wengi wetu ni ya namna hiyo. Wakati wa Kwaresima tunafunga, tunatoa sadaka, tunasamehe madeni, na mto unavuma. Pasaka ikipita, kitako cha kisado kinabonyezwa tena. Mungu anadai mto wa mwaka mzima, unaotiririka Jumatatu asubuhi sokoni kama unavyotiririka Dominika kanisani.

Wala tusidhani kwamba neno hili linawahusu wenye maduka peke yao. Mama anayemwajiri msichana wa kazi na kumkalisha miezi mitatu bila mshahara amepunguza efa. Mwalimu anayekiacha kipindi chake ili wanafunzi wanunue masomo ya ziada nyumbani kwake ameuza makapi. Mjumbe wa baraza anayepokea kitu kidogo kabla ya kuamua kesi ya mpaka wa shamba la mjane, huyo ameketi langoni pa Samaria. Na parokia inayomtuma katekista vigango vitano kwa miguu, kisha inamwambia kwamba malipo yake yako mbinguni, nayo ina mizani mbili. Maaskofu waliokutana katika Sinodi ya mwaka 1971 kuhusu haki duniani walifundisha kwamba yeyote anayethubutu kuwaambia watu juu ya haki hana budi yeye mwenyewe kuwa wa haki kwanza machoni pao, na kwamba wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao wapate riziki ya kutosha.

Tuwe waangalifu pia tusiwe kama Amazia, kuhani wa Betheli. Yeye hakumpinga Amosi kwa kusema kwamba maneno yake ni ya uongo. Alimwambia tu arudi kwao Yuda akale mkate wake huko, maana Betheli ni patakatifu pa mfalme. Kila mara tunaponyamaza kwa sababu mfadhili mkubwa wa harambee yetu ndiye mnunuzi mkubwa wa lumbesa, Amazia anasema kwa kinywa chetu.

5. Neno lile lile ni faraja

Mpaka hapa mtasema: mbona unabii huu ni mjeledi mtupu? Faraja iko wapi?

Faraja imo katika aya ile ile iliyotutisha. Katika sura ya 8, aya ya 7, Mungu anaapa kwamba hatalisahau kamwe tendo lolote kati ya matendo hayo. Tulisikie neno hilo kwa masikio mawili. Kwa sikio la mwenye mizani ya hila, ni tishio: hakuna kisado kilichobonyezwa ambacho Mungu hakukihesabu. Sasa tulisikie kwa sikio la mama aliyekuwa kando ya barabara, jua likizama, akakubali kupunjwa kwa sababu mtoto anaumwa. Mnunuzi amemsahau kabla gari halijafika mjini. Serikali haina habari naye. Wanawe wakikua hawatajua kilo ngapi ziliwasomesha na kilo ngapi zilipotea bure. Lakini Mwenyezi Mungu ameapa kwamba hasahau. Zile kilo zilizozidi, yeye anazijua zote.

Hii ndiyo maana ya unabii. Mungu hana neno moja la kuwatisha waovu na neno jingine la kuwabembeleza wema. Ana neno moja tu, nalo linakuwa moto au mwanga kwa kadiri ya mahali tuliposimama. Na ukweli, ndugu wapendwa, ni kwamba wengi wetu tumesimama mahali pawili. Tunanyonywa na mwenye lori asubuhi, na jioni tunamnyonya msichana wa kazi. Kwa hiyo tunalihitaji neno hili kwa masikio yote mawili. Linatufariji tusikate tamaa tunapodhulumiwa, na linatuzuia tusijilipizie kwa aliye chini yetu.

Mama Kanisa ametupangia neno hilo makusudi. Katika Dominika ya 25 ya Kipindi cha Kawaida, Mwaka C, somo hili la Amosi linasomwa pamoja na Injili ya wakili dhalimu, ambamo Bwana wetu anasema kwamba hatuwezi kumtumikia Mungu na mali. Dominika inayofuata tunamsikia Amosi tena, akiwaonya wanaojilaza juu ya vitanda vya pembe, pamoja na Injili ya tajiri na Lazaro. Katika Injili hiyo maskini anatajwa kwa jina, na tajiri hana jina. Watu wa mjini walimsahau Lazaro mlangoni, Mungu hakumsahau.

6. Kibanda kilichoanguka

Kitabu cha Amosi hakimalizikii kwenye hukumu. Hukumu ilikuja kweli: yapata mwaka 722 kabla ya Kristo, Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru, na watu wengi wakachukuliwa mateka. Lakini katika sura ya 9 nabii anasema kwamba Mungu atawachekecha watu wake kama nafaka katika chekecheke, wala hata punje moja haitapotea. Kisha anaahidi kukisimamisha tena kibanda cha Daudi kilichoanguka, kuziba nyufa zake na kuyainua magofu yake.

Tuone jinsi ahadi hiyo ilivyo ya kawaida, ya watu wa jembe. Katika sura ya 5 aliwaambia wanyonyaji kwamba wamejenga nyumba za mawe lakini hawatakaa humo, wamepanda mizabibu lakini hawatakunywa divai yake. Katika sura ya 9 maneno yanageuzwa. Watu watajenga upya miji iliyobomoka na kukaa humo, watapanda mizabibu na kunywa divai yake, watalima bustani na kula matunda yake. Baraka kubwa ambayo Mungu anaahidi ni hii: aliyepanda ndiye atakayekula. Je, mkulima wetu anaomba jambo gani jingine?

Nasi tumeingizwa katika ahadi hiyo. Mitume walipokutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa wapokewe bila kutahiriwa, Yakobo alisimama na kuutaja unabii huu wa kibanda cha Daudi, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Kwa unabii huo mlango ulifunguliwa, nasi tukaingia. Tuliopokewa katika kibanda kwa huruma tutawezaje kumpunja mwenzetu tunayekaa naye chini ya paa moja?

7. Tufanye nini?

Papa Paulo wa Sita alipoiunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani tarehe 6 Januari 1967, hakutaka tume ya kuandika maazimio tu. Tunapendekeza mambo manne, madogo lakini yanayowezekana.

Kwanza, kila Jumuiya ichangie kununua mizani halali iliyohakikiwa, ili mwanajumuiya yeyote aweze kupima mazao yake kabla mnunuzi hajafika. Mwenye kujua uzito wa mali yake hadanganywi kwa urahisi.

Pili, tuuze kwa pamoja. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, gari linampita. Kijiji kizima kikikataa, gari litasimama. Vyama vya ushirika vilianzishwa kwa sababu hiyo, na pale vilipoharibiwa na viongozi wasio waaminifu, wajibu wetu ni kuvisafisha.

Tatu, tuanze nyumbani na parokiani. Halmashauri Walei ipitie malipo ya makatekista, walinzi na wapishi, na kila familia ipitie mshahara wa anayeilelea watoto.

Nne, turudishe. Zakayo hakuishia kusikitika, aliahidi kurudisha mara nne. Toba isiyorudisha ni nusu ya toba.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Baada ya kikao chetu tuliyapima mahindi yale, tukaona jinsi yalivyozidi. Wawili wetu walipanda kijijini kumtafuta mama aliyetuuzia. Alipowaona aliogopa, akadhani mzigo unarudishwa. Walipomweleza kwamba wameleta malipo ya kilo zilizozidi, alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba kila siku huwa anamwomba Mungu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba Mungu naye anahesabu kilo.

Anahesabu, ndugu wapendwa. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 6:38, anatuahidi kipimo kilichoshindiliwa hata kufurika, akituonya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa. Kipimo kinachofurika kwa upendo wa mtoaji ni neema. Kikifurika kwa kumlazimisha mnyonge, ni wizi. Sote tuchague leo kipimo ambacho hatutaogopa kupimiwa.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni hila zipi za vipimo zinazotumika, na ni nani anayeumia zaidi?

2. Je, sisi wenyewe tumesimama upande upi wa mizani? Kila mmoja ajitazame kwanza kabla ya kumtaja mwingine.

3. Maneno "Mungu hasahau" yanakutia hofu au yanakufariji? Kwa nini?

4. Ni jambo gani moja ambalo Jumuiya yetu itaanza kulitenda kabla ya mavuno yajayo, na nani atalifuatilia?